Akili zangu timamu, moyo ndio umechoka

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha afya ya akili. Kurasa nne, picha ya mwanamke aliyeshika tama, maneno hayafiki mia tisa. Nikajiambia ni kazi ya mchana mmoja, jioni nitakuwa nimeshaingia mtaani kutafuta chai.

Kilichonikwamisha ni neno moja, na lilijirudia mara kumi na nne: lile la Kiingereza, *mind*, ambalo tumezoea kulifanya "akili". Mteja alishanionya mapema kwamba kila litakapotokea niandike akili, ili msomaji asichanganyikiwe. Nikatii. "Akili yako ikichoka, zungumza na mtu." "Itunze akili yako kama unavyoutunza mwili." Kisha tukaenda kukijaribu kwa wasomaji, kwenye kibaraza cha zahanati moja mkoani Tanga, kinamama wakisubiri zamu zao. Bibi mmoja aliyejitanda kanga mpaka kipajini alikuwa ameisahau miwani nyumbani, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, wala hakunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "hicho ni cha wendawazimu. Mimi akili zangu timamu. Moyo ndio umechoka."

Akaendelea kunihadithia, maana foleni ilikuwa ndefu. Siku alipopigiwa simu ya msiba wa kaka yake roho ilimpaa. Na mpaka leo nafsi inamsuta, kwa sababu mara ya mwisho walipoonana walijibizana vibaya kwa ajili ya minazi minne. Moyo, roho, nafsi, akili. Ametumia yote manne kabla hajaitwa ndani, kila moja mahali pake, na hakuna hata moja ambalo angekubali nilitoe niweke jingine.

Nilirudi kwa mteja na mapendekezo, yakakataliwa, kipeperushi kikachapwa na akili zake kumi na nne. Nakala moja ninayo kwenye droo. Kinyongo kile ndicho kilichonisukuma kutafuta kama kuna mtu mwingine aliyewahi kubanwa na shida ya namna hii, akiwa na lugha yenye maneno mengi ya mambo ya ndani mkono huu, na lugha nyingine yenye maneno mengi vilevile mkono wa pili, na hazikutani. Nikampata. Kafa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, nchi ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Mtu wa hesabu na nyota hasa. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka nchi yake, na al-Biruni akawa miongoni mwa wasomi waliochukuliwa kupelekwa Ghazni, mji ulio Afghanistan ya leo. Mahmud alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, na kwa mlango huohuo wa vita al-Biruni akaifikia elimu ya Wahindi. Hakulificha hilo. Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake kuhusu India anaandika kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile, na watu wake wakatawanyika kama chembe za vumbi, na ndiyo sababu elimu zao zilikimbilia mbali na mikono ya watekaji. Anayaandika hayo kuhusu bwana aliyemlisha. Kitabu alikimaliza mnamo 1030, mwaka aliofariki Mahmud.

Alijifunza Kisanskriti akiwa amepita miaka arubaini. Anasema hakubania fedha wala taabu katika kutafuta vitabu na kuwaita wanazuoni wa Kihindi kutoka mbali waje wamfafanulie. Na lalamiko lake la kwanza ni lalamiko la mtafsiri: lugha hii, anasema, ni pana kama Kiarabu, kitu kimoja kina majina mengi, halafu jina moja linabeba maana nyingi, na usipojua mahali lilipotumika hupati kitu. La pili ni la wanakili. Kitabu kikinakiliwa mara moja au mbili kinakuwa kimeharibika kiasi kwamba si kilekile tena. Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka peke yangu. Ni malalamiko yetu yaleyale kwenye kikundi chetu cha wasapu cha watafsiri, kila Ijumaa.

Na sisi tumo humo. Akieleza kwa nini hekalu la Somnath, pwani ya Gujarat, lilipata umaarufu ule, anasema ni kwa sababu palikuwa bandari ya mabaharia, kituo cha wale waliokwenda na kurudi kati ya Sofala katika nchi ya Zanj na China. Zanj ni pwani yetu. Sofala iko Msumbiji ya leo. Kwa hiyo al-Biruni akiwa amekaa na mapandit wake, wanazuoni wa Kihindi, anauliza maana ya neno la Kisanskriti, majahazi ya kutoka huku kwetu yalikuwa yakitia nanga kwao. Pembe za ndovu zilikuwa zinafika. Kama kuna mtu kwenye jahazi aliyeuliza lolote kuhusu nafsi, hakuna aliyeandika.

Jambo lililonikalisha kitako ni msamiati. Nilisoma chuoni utotoni, Kiarabu changu ni cha kuungaunga, lakini kinatosha kulitambua neno ninalolijua. Al-Biruni anapotafsiri falsafa ya Wahindi kwa Waislamu wa zama zake anasema *nafs*, anasema *qalb*, anataja *hawass*, hisi tano. Maneno haya, au jamaa zake wa karibu, ndiyo aliyokuwa nayo yule bibi kibarazani. Kiarabu kilimpa mtafsiri wa karne ya 11 vyombo vya kuichotea India, na vyombo hivyohivyo vikaja kwetu kwa njia nyingine kabisa, ya dini na biashara. Sasa kwa nini mimi, nikitaka kuwasoma Wahindi, nipitie kwanza kwenye lile neno moja la Kiingereza lililonishinda kwenye kipeperushi?

Wasomi wa Ulaya wameifanyia kazi kubwa India, siwanyimi haki yao. Hata al-Biruni mwenyewe tunamsoma kwa sababu Eduard Sachau alihariri Kiarabu chake mwaka 1887 na kukitoa kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Lakini njia fupi kwetu ipo, na magugu yameiotea.

Basi tuanze na neno lenyewe. Miongoni mwa vitabu alivyovitafsiri al-Biruni kipo kimoja cha mafundisho ya Samkhya, madhehebu mojawapo ya falsafa ya Wahindi. Hawa ni watu wa kuhesabu. Hata jina lao linahusiana na hesabu. Wanasema vyote vilivyopo vinaingia katika mafungu ishirini na matano, na al-Biruni anayaorodhesha kwa utulivu wa mhasibu. Yapo mambo matano makubwa, ardhi, maji, moto, upepo na anga. Yapo matano membamba yanayoyazaa hayo. Zipo hisi tano, na viungo vitano vya kutenda, kama mkono na mguu. Zinabaki tano. Mbili ni za chini kabisa, msingi wa kila kitu: *prakriti*, asili yenye kuzaa, na *purusha*, mwenye kushuhudia. Na tatu za kati ndizo zilizoninyima usingizi: *manas*, *ahamkara*, *buddhi*.

Hizo tatu ndizo zinazofanya kazi ambayo Kiingereza kinairundika kwenye neno moja. Ajabu ni kwamba zote tatu, kwa Samkhya, ziko upande wa prakriti. Ni vitu, kama jiwe lilivyo kitu, ila vyembamba zaidi. Kufikiri ni tukio la ulimwengu, kama mawimbi. Hasira ni tukio. Hata kuamua ni tukio. Anayebaki nje ya yote ni purusha, ambaye hafikiri, hataki, hatendi. Anatazama tu. Mtu aliyezoea kugawa mambo kwa mwili upande huu na akili upande ule akifika hapa anapotea njia, kwa sababu hawa wameupitisha mpaka sehemu nyingine: mwili na akili wote upande mmoja, na ng'ambo yuko shahidi peke yake.

Kitabu kikuu cha Samkhya ni beti za Ishvarakrishna, sabini hivi, ambazo tayari katika karne ya 6 zilikuwa zimeshatiwa katika Kichina. Kimejaa mifano. Prakriti na purusha ni kama kipofu na kiwete: mmoja ana miguu, mwingine ana macho, wamebebana. Au prakriti ni mchezaji ngoma mbele ya watazamaji. Akishaonekana, anaacha kucheza. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hauko kwenye beti. Uko kwenye ufafanuzi wa Vachaspati Mishra, bingwa wa zama za nyuma aliyewafafanua watu wa madhehebu zinazopingana, kila mmoja kwa uaminifu kana kwamba ni wa kwao. Ningemwajiri leo.

Mtu yuko njiani, mwanga hafifu. Kwanza macho yanaona kitu, basi, kitu tu. Halafu manas inakazia: ni mnyang'anyi, ameshika upinde, mshale umevutwa. Halafu ahamkara: huyu ananijia mimi. Halafu buddhi: nikimbie.

Nilijaribu kuyatafsiri hayo usiku mmoja na umeme umekatika, simu ikinimulikia. Manas inasema *anakuja*. Ahamkara inasema *ananijia*. Nikaitazama tofauti kwa muda mrefu. Anakuja, ananijia. Kilichoongezeka ni *-ni-* katikati na ile *-i-* ya kutendea. *Ahamkara* kwa asili yake ni *aham*, yaani "mimi", pamoja na *kara*, kufanya: ufanyaji wa mimi. Kwa Kisanskriti ni dhana inayohitaji kurasa za ufafanuzi. Kwa Kiswahili unaisikia ikiingia ndani ya kitenzi, silabi moja, na mara ile habari iliyokuwa ya barabarani imekuwa habari yangu. Na walimu wetu wa sarufi wanaiitaje *ni-*? Nafsi ya kwanza. Sijui ni nani aliyeamua kwamba lile neno la wanasarufi liwe nafsi, lakini nampa mkono.

(Kwa buddhi nimeweka "uamuzi" kwa sasa. "Akili" inaikaribia pia, hasa ile ya *tumia akili*. Unaona, sina ugomvi na neno akili. Nina ugomvi na kulitwika mizigo ya wenzake.)

Manas ndiyo ngumu. Al-Biruni anaeleza kwamba hisi zinaongozwa na utashi, na makazi yake ni moyo, na ndiyo sababu wanauita manas. Hapo mwanachuoni wa Kisanskriti atakunja uso, kwa sababu moyo kwao ni *hrid*, na manas haimaanishi moyo. Lakini al-Biruni alikuwa anatafuta mahali ambapo msomaji wake angehisi kitu kinagonga. Bibi wa Tanga angemwelewa papo hapo: moyo unataka, moyo umekataa, moyo hauko hapa. Tunaposema *moyo wake haupo* tukimtazama mtu aliyekaa mezani na sahani mbele yake, tunasema karibu lilelile ambalo Upanishadi moja, andiko takatifu la kale la Wahindi, inalisema: manas yangu ilikuwa kwingine, sikuona, manas yangu ilikuwa kwingine, sikusikia.

Sasa wako wengine ambao hawakubali hata robo ya hayo. Watu wa Nyaya, madhehebu ya mantiki, kitabu chao cha msingi ni cha Gautama (si Buddha, ni mwingine wa jina hilo). Ukitaka kuondokana na dhana kwamba falsafa ya India ni kukaa kwenye mkeka na kufumba macho, wasome hawa. Ni mawakili. Manas, wanasema, ni kitu kidogo mno, kama chembe isiyogawanyika, na kwa udogo wake inaweza kugusa hisi moja tu kwa wakati. Ushahidi? Elimu mbili haziji kwa pamoja. Ukisikiliza kwa makini huoni; ukitazama kwa makini unaitwa mara tatu husikii.

Mpinzani anasimama: mbona mtu akila kile kitafunio kirefu kikavu, anakiona, anakishika, ananusa, anaonja, na anasikia kinavyokatika, vyote kwa mpigo? Hebu mfikirie mtu wa Forodhani na kachori ya moto mkononi. Watu wa Nyaya wanajibu kwa mfano wa majani ya yungiyungi: panga petali mia, zitoboe kwa sindano mara moja. Unaona zimetoboka pamoja. Lakini sindano imepita moja baada ya moja, ni kasi tu inayokudanganya. Maabara za leo zinazopima jinsi mtu anavyoshindwa kuzingatia mambo mawili zingewakaribisha kwa chai.

Lakini Nyaya hawakuishia kwenye manas. Walitaka kuthibitisha kwamba kuna mwenyewe, *atman*, anayemiliki hisi zote, na hoja mojawapo naijua kwa ulimi. Ukiona tunda chachu, anasema Gautama, kiungo kingine kinabadilika. Mfafanuzi wake Vatsyayana anakunjua: macho yanaona tunda, au pua inalinusa, na mate yanajaa mdomoni. Macho hayajawahi kuonja. Ulimi hauoni. Basi ni nani aliyeiona rangi leo na aliyeionja ladha zamani, akaziunganisha?

Nilipoisoma hoja hii nilikuwa nyumbani Dar, na barabarani kijana anapita na ndoo ya embe mbichi zilizochanjwa, chumvi na pilipili kwenye kifuko. Sikula. Sikuzinunua hata. Mate yalijaa mdomoni na Gautama akashinda kesi kwa dakika kama mbili.

Akaja Mbuddha kukata rufaa. Kwa Mbuddha hakuna mmiliki, upo mfululizo tu wa matukio, moja likimwachia lijalo alama yake, kama moto wa taa ya usiku ambao si uleule jioni na alfajiri lakini pia si mwingine. Mfalme Mgiriki Menanda, aliyetawala huko kaskazini magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo, aliulizwa na mtawa Nagasena kuhusu gari lake la kukokotwa: gari ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Kama si chochote katika hivyo, umekuja na nini? Vasubandhu, mwanafalsafa wa Kibuddha, baadaye akasema kumbukumbu haihitaji mwenye kukumbuka, inahitaji mfululizo uliopokea chapa ya kitu. Nyaya wakajibu, Wabuddha wakajibu jibu, na mabishano hayo yakaenda karne nyingi, kwa heshima kiasi na matusi kiasi. Mimi binafsi naona hoja ya Vasubandhu ina nguvu zaidi na ile ya embe ina utamu zaidi.

Kwa muda mrefu huko Magharibi mambo haya yaliwekwa kwenye rafu ya dini na ndoto. Bimal Krishna Matilal, msomi wa Kibengali aliyefundisha Oxford mpaka kifo chake mwaka 1991, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba ni hoja, zenye masharti, mifano pinzani na majibu. Nawakubali zaidi wale waliokutana Pune, huko India, mwaka 1983. Daya Krishna na wenzake waliwakusanya mapandit waliosoma kwa njia ya jadi, wasiojua Kiingereza, wakatia maswali ya Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, katika Kisanskriti na kuwapa wayajibu kwa lugha yao na kwa vyombo vyao. Mgeni hapo alikuwa Russell. Nangoja siku nitakapoona mkutano kama huo Lamu.

Kitabu kingine alichokitia al-Biruni katika Kiarabu ni kile cha Patanjali, cha yoga. Tafsiri hii ilipotea machoni mwa watu mpaka mwaka 1922, Louis Massignon alipoiona Istanbul katika maktaba ya Köprülü, imeandikwa pambizoni mwa hati nyingine. Hellmut Ritter akaichapisha mwaka 1956. Pambizoni! Mtu aliyeinakili alikuwa na karatasi isiyo yake, akabana yoga yote pembeni.

Patanjali anaanza kwa kueleza kwamba yoga ni kuzuia mizunguko ya *chitta*, jina la jumla la hayo ya ndani yote. Al-Biruni akageuza kitabu chote kuwa maswali na majibu, mtawa anauliza, Patanjali anajibu, na chitta ikawa nafsi, mizunguko ikawa nguvu za nafsi. Zikusanywe zilikotawanyika nje, zisishikamane na kisichokuwa wewe. Ni safi. Inasomeka. Na hapohapo ndipo ninapomshuku. Ukisema nafsi kwa msikilizaji wetu, au wake, umemwita pia *nafsi lawama* ya Kurani, ile inayojisuta, na siku ya hukumu iko karibu yake. Chitta haina hukumu mbele yake. Miungu midogo ya Wahindi, *deva*, ikawa malaika. Ishvara, Bwana anayetajwa na Patanjali, akawa Allah. Neno la nyumbani halihami peke yake, huja na vyombo vyake vyote, na chumba cha mwenzako kikajaa makochi yako. Wataalamu mpaka sasa wanabishana ni ufafanuzi gani wa Kisanskriti aliokuwa nao mbele yake, kwa sababu katika kufasiri ameuchanganya na matini yenyewe. Karne sita baadaye Dara Shikoh, mwana wa mfalme wa Mughal, alizitia Upanishadi hamsini katika Kiajemi, mwaka 1657, na akaenda mbali kuliko al-Biruni: akasema hizo ndizo kile kitabu kilichohifadhiwa kinachotajwa kwenye Kurani. Miaka miwili baadaye ndugu yake Aurangzeb akaamuru auawe. Siasa ya kiti ndiyo iliyokuwa kubwa, lakini tafsiri ilitajwa kwenye mashtaka ya watu.

Kuna mzunguko mmoja wa chitta ambao nadhani sisi tunauelewa bila mtafsiri. Patanjali anahesabu mitano: ujuzi sahihi, kosa, maneno yasiyo na kitu nyuma yake, kumbukumbu, na usingizi. Usingizi! Mtu angedhani mtu akilala fofofo mzunguko umesimama. Hapana, unasema ufafanuzi wa kale, kwa sababu akiamka anasema: nimelala vizuri, moyo wangu mweupe. Kama hakukuwa na lolote, anakumbuka nini? Kila asubuhi, nchi nzima, tunaulizana "umelalaje?" na tunajibu "salama" bila kusita, tukitoa ushahidi wa jambo ambalo hatukuwepo. Au tulikuwepo. Watu wa Nyaya, kwa taarifa, wanasema hatukukumbuka kitu, tunakisia tu kutokana na mwili ulivyochangamka.

Nimebaki na ubeti wa 64 wa Ishvarakrishna. Hapo ndipo elimu inapokamilika, na elimu hiyo ni maneno machache sana: *nasmi, na me, naham*. Sipo, si changu, si mimi. Rasimu ya kwanza iliandikika kwa dakika moja, na imekaa mezani kwa miezi. Tatizo ni *sipo*. Ile *si-* ya mwanzo ni kukanusha, ndiyo, lakini ni kukanusha kwa nafsi ya kwanza. *Hayupo* angekuwa mwingine. Ninapokana kwamba nipo, mkanaji keshaingia kwenye silabi ya kwanza, kakaa. Nikadhani ni udhaifu wa Kiswahili mpaka nilipolitazama *asmi* vizuri: *-mi* ya mwisho ndiyo nafsi ya kwanza yao. (Haina undugu na *mimi* yetu, ni nasibu.) Kumbe hata Ishvarakrishna alibanwa mlango huohuo, akapita ubavu.

Halafu nikamkumbuka bibi. Hakusema *nimechoka*. Alisema moyo umechoka. *U-*, ngeli ya moyo, kama ambavyo ungesema mti umekauka. Ndani ya sentensi ile uchovu una mwenyewe, na mwenyewe si yeye.

Nyumbani kwetu si mbali na zahanati ile, nikienda kumsalimu mama nampitia. Mwezi uliopita nilimkuta anachambua mchele. Nikamwamkia, nikaketi, na baada ya habari za watoto nikamhadithia ile ya Vachaspati: gizagiza, kitu, mnyang'anyi, ananijia, nikimbie. Alikuwa anasikiliza, mkono ukitoa chenga na vijiwe.

"Sasa alikimbia au hakukimbia?"

"Kitabu hakisemi, bibi."

"Alikimbia," akasema. "Asingekimbia, nani angekuja kuwaambia?"

Akapuliza makapi, akaendelea.